Trekta Kuukuu Isiyonyanyua: Usiilaumu Pampu Kwanza

Somo kwa wanachama wenye trekta, na kwa wale wanaokodi

Karafuu huchumwa kwa mkono, na hapana trekta iwezayo kupanda mkarafuu. Lakini sote twajua kwamba mkulima wa karafuu haishi kwa karafuu peke yake. Pana shamba la muhogo la kulimwa, pana bonde la mpunga lisilongoja, pana majani ya kufyekwa chini ya miti kabla wachumaji hawajaingia, na wakati wa mavuno pana magunia ya kuchukuliwa mpaka kwenye majamvi. Trekta ikiwa nzima, kazi hizi huwa nyepesi. Ikikataa kunyanyua plau siku ya kulima, mwenyewe hukosa usingizi.

Siku hiyo neno la kwanza lisemwalo ni hili: "Pampu imekufa." Mara fundi huitwa, kiti hung'olewa, kifuniko kizito huondolewa, na fedha zilizopatikana kwa jasho la msimu mzima hutolewa kununua pampu. Kisha pampu mpya hutiwa, injini huwashwa, wenzo huvutwa, na plau ingali chini pale pale. Kumbe ugonjwa haukuwa katika pampu. Hasara ya namna hii haimpati mtu kwa bahati mbaya. Humpata kwa kuanza mwisho.

Katika somo hili twataka kufundisha jambo moja. Mtambo wa kunyanyulia ni mnyororo wa vitu vingi, na pampu ni pete moja tu ya mnyororo huo. Yapasa kuanza na vitu vya bure, kisha vya bei ndogo, na pampu iwe ya mwisho kuulizwa.

TREKTA TUNAYOISEMA

Twasema hasa juu ya jamaa ya trekta za Ferguson na Massey Ferguson za zamani. Harry Ferguson alizaliwa Ireland mwaka 1884. Yeye ndiye aliyeeneza mpango wa kuifunga zana kwenye trekta kwa viungo vitatu, viwili chini na kimoja juu, na kuinyanyua kwa nguvu ya oili. Trekta yake ndogo ya kijivu, TE20, ilitengenezwa mjini Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, na zaidi ya 500,000 zilitoka katika kiwanda hicho. Mwaka 1956 ilifuatwa na namba 35, na mwaka 1964 ikaja Massey Ferguson 135, ambayo wakulima wengi wa Afrika ya Mashariki waijua.

Trekta hizi tatu hazifanani katika kila kitu. Lakini mtambo wao wa kunyanyulia ni wa ukoo mmoja, na dalili za ugonjwa wao zakaribiana sana. Mwenye trekta ya namna nyingine ataweza pia kuyatumia haya, maadamu atasoma kitabu cha trekta yake kabla ya kufungua kitu.

JINSI MTAMBO UNAVYOFANYA KAZI

Mfaransa mmoja wa karne ya 17, Blaise Pascal, alionyesha kwamba ukiisukuma maji au oili iliyofungiwa mahali, msukumo ule huenea sawasawa pande zote. Hiyo ndiyo siri yote ya haidroliki. Tuseme pampu yaisukuma oili kwa nguvu ya pauni 2,000 kwa kila inchi moja ya mraba. Tuseme tena kwamba pistoni ya kunyanyulia ina uso wa inchi 5 za mraba. Pistoni hiyo itasukumwa kwa nguvu ya pauni 10,000. Ndiyo maana kijana mmoja aweza kuinua plau nzito kwa vidole viwili.

Sasa tuifuate oili safari yake. Katika trekta hizi oili ya haidroliki haina tangi lake peke yake. Ni ile ile oili ya giaboksi, iliyomo tumboni mwa trekta. Pampu imekaa huko tumboni, imezama ndani ya oili, na huzungushwa na shafti ya PTO. Ndani ya pampu mna pistoni ndogo nne zinazokwenda mbele na nyuma, na kila moja ina vali za kuingizia oili na za kuitolea.

Kabla ya kuingia katika pampu, oili hupita kwenye vali ya kuongoza. Vali hii ndiyo inayotiishwa na wenzo ulio mkononi mwa dereva. Ukiinua wenzo, vali hufungua njia, pampu hunywa oili na kuisukuma kwa bomba hadi katika silinda kubwa iliyo chini ya kiti. Pistoni ya silinda hiyo huzungusha shafti ya juu, na shafti huinua mikono. Zana ikifika mahali ulipotaka, vali hufunga njia. Pampu huendelea kuzunguka lakini hainywi kitu. Ukishusha wenzo, vali huifungulia oili ya silinda irudi tumboni, na zana hushuka kwa uzito wake mwenyewe.

Zaidi ya hayo pana vali ya usalama. Mzigo ukizidi nguvu ya trekta, vali hii hufunguka na kuimwaga oili, ili mabomba na silinda visipasuke.

Hesabu basi: oili, chujio, vali ya kuongoza, nyenzo na viungo vyake, shafti ya PTO, pampu, bomba, pete za mpira, silinda, pistoni, vali ya usalama. Kimoja tu kikiharibika, dalili ni ile ile machoni pa mwenye haraka: "hainyanyui". Kazi yetu ni kupambanua, kama vile tunavyochambua karafuu na makonyo. Vyote vimetoka katika tawi moja, lakini haviingii gunia moja.

KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE

Twaomba sehemu hii isirukwe.

Kwanza, usiingie chini ya zana iliyonyanyuliwa kwa haidroliki tu. Pete moja ya mpira ikikatika, au mtoto akigusa wenzo, plau hushuka kwa kishindo, na haina huruma ya mguu wala kichwa. Ishushe zana mpaka chini kabla ya kufanya kazi. Kama hapana budi iwe juu, itegemeze juu ya magogo imara yaliyopangwa vizuri. Usitumie matofali wala mawe, maana hayo hupasuka au huteleza.

Pili, zima injini, utoe ufunguo, na utie vizuizi kwenye magurudumu. Usiache mtu kitini wakati mwingine yuko nyuma na spana.

Tatu, usitafute tundu linalovuja kwa kidole. Oili yenye msukumo mkubwa hutoka kama uzi usioonekana, na hupenya ngozi kama sindano. Jeraha lake laonekana dogo kama la mwiba, na pengine haliumi sana saa ya kwanza. Lakini oili iliyoingia ndani huharibu nyama, na watu wamekatwa vidole na mikono kwa kupuuza. Tumia kipande cha kadibodi kutafutia mvujo. Mtu akipenywa na oili apelekwe hospitali mara ile ile, wala asingoje kesho, na aseme waziwazi kwamba ni oili ya haidroliki.

Nne, usafi. Kabla ya kufungua kizibo chochote, futa tope na mchanga pande zote. Punje moja ya mchanga chini ya vali yatosha kuifanya pampu nzima kuonekana mbovu.

MAMBO MATANO YASIYOTAKA FEDHA

1. Kiasi cha oili. Iweke trekta mahali palipo sawa, ushushe mikono yote chini, uzime injini, ungoje kidogo, kisha upime kwa kijiti chake. Mikono ikiwa juu, sehemu ya oili imo katika silinda, na kipimo kitakudanganya. Trekta inayovuta trela ya kupindua hupungukiwa zaidi, kwani jeki ya trela hunywa oili kutoka tumboni humo humo. Oili ikipungua pampu huvuta hewa, na hewa hainyanyui plau.

2. Rangi na hali ya oili. Paka oili kidogo kwenye kioo au sahani nyeupe, uitazame juani. Oili njema huangaza na kupitisha mwanga. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingiliwa na maji. Ikiwa na mapovu mengi, pampu inavuta hewa, au oili iliyotiwa si yake. Ikiwa nyeusi na ina harufu ya kuungua, imechoka. Ikiwa na vumbi linalometameta, kipo chuma au shaba inayosagika ndani. Hapo usiendelee na kazi, ita fundi.

3. Klachi na wenzo wa PTO. Katika TE20 wenzo wa PTO usipotiwa, pampu haizunguki kabisa. Mara ngapi mtu amekopeshwa trekta, akarudishiwa mwenzake wenzo umeachiwa, na lawama ikaiangukia pampu! Kadhalika, ukikanyaga klachi mpaka mwisho, pampu husimama. Kwa hivi usijaribu mnyanyuo huku mguu umekaa juu ya klachi. Katika trekta za baadaye mpango wa wenzo huo hautofautiani kwa jina tu, basi soma kitabu chake. Lakini uangalie kabla ya kufungua nati hata moja.

4. Nyenzo na viungo vya nje. Namba 35 na 135 zina nyenzo mbili: mmoja wa kuweka kimo cha zana, na mmoja wa kuipa trekta hisia ya ugumu wa udongo. Ukiwa umeuacha mmoja mahali pasipo pake, mwingine hauwezi kufanya kazi yake. Weka zote mbili kama kitabu kisemavyo kwa kazi unayoifanya, kisha ujaribu tena. Angalia pini zilizolika, kutu, na vizuizi vilivyosogea. Tazama pia springi kubwa iliyo nyuma, pale kiungo cha juu kinaposukumia. Ikiwa ina mchezo, zana haitatulia.

5. Mzigo wenyewe. Ondoa zana, ujaribu kunyanyua mikono mitupu. Ikipanda vizuri, tia zana nyepesi. Ikipanda tena, basi pengine trekta ni nzima na mzigo ndio umezidi. Kumbuka kwamba mzigo uliokaa mbali nyuma ya trekta huwa mzito zaidi kwa mikono kuliko uzito wake kwenye mizani. Isitoshe, mzigo uliozidi huinua magurudumu ya mbele, na trekta yaweza kupinduka.

Mambo haya matano huchukua kama nusu saa. Yakishakwisha ndipo tusome dalili.

KUSOMA DALILI

Mikono hainyanyuki kabisa. Inua wenzo huku ukisikiliza. Ukisikia mlio wa oili ikimwagika kwa nguvu kupita kwenye vali ya usalama, maana yake pampu inasukuma. Usiiguse! Kosa liko mbele yake: mzigo umezidi, au mikono, shafti ya juu au pistoni imekwama. Wala usiache injini iungurume namna hiyo muda mrefu, maana oili hupata moto bure.

Ukiinua wenzo na husikii badiliko lolote, pampu hainywi, au oili inapotea njiani. Yaulize mambo haya kwa taratibu. Je, trekta imekaa miezi mingi bila kazi? Huenda vali ya kuongoza imeganda mahali pake kwa kutu au kwa oili iliyokauka. Je, ugonjwa umeanza baada ya trekta kufunguliwa kwa kazi nyingine? Basi pengine wenzo wa ndani unaoshika vali haukurudishwa mahali pake. Je, chujio limesafishwa lini? Likiziba, pampu hufa njaa katikati ya oili tele. Vali ya kuongoza iliyoganda fundi aweza kuifikia kwa kufungua kifuniko cha ubavuni, na kuilegeza pasipo kuigusa pampu.

Mikono hupanda polepole, na zaidi oili ikiwa baridi. Hii mara nyingi ni chujio lililoziba, au oili nzito kupita kiasi. Ukisikia na mlio mkali kama wa kulia, pampu inavuta kwa shida.

Mikono hupanda vizuri asubuhi, ikifika adhuhuri huchoka. Oili ikipata moto huwa nyepesi, nayo hupita katika kila mwanya. Dalili hii ni ya kitu kilicholika: pete za mpira, pistoni ya silinda, vali, au pampu yenyewe. Usijidanganye kwa kutia oili nzito ili iwe dawa. Itaficha ugonjwa wiki chache, na asubuhi itainyima pampu kinywaji.

Mikono hupanda kwa kurukaruka, kidogo kidogo, kama mtu apandaye ngazi. Mara nyingi hii ni dalili ya pampu yenyewe: sehemu moja inasukuma na nyingine haisukumi, pengine kwa sababu ya uchafu uliokaa chini ya vali. Hata hapa usiharakishe kununua pampu nzima. Fundi mwema ataifungua, atazisafisha vali na makalio yake, atatazama springi zake, kisha ndipo atoe hukumu.

Zana hupanda, lakini injini ikizimwa hushuka. Lifanyie jaribio. Nyanyua zana ya kawaida, uzime injini, na watu wote wakae mbali. Chukua kijiti, utie alama ya kimo cha ncha ya mkono, kisha utazame baada ya robo saa. Trekta kuukuu ikishuka polepole usiku kucha si ajabu. Ikishuka huku unaitazama, pana mvujo mkubwa. Sasa fikiri: injini imezimwa, pampu imesimama, haina kazi. Mvujo uko kwenye pete za pistoni, kwenye pete za bomba lipelekalo oili kwenye silinda, kwenye vali ya kuongoza, kwenye vali ya usalama, au kwenye vali za kutolea za pampu. Pete hizi za mpira, ambazo mafundi huziita oringi, nyingine ni ndogo kuliko bangili ya mtoto mchanga, na ndizo zinazofanya watu wauze karafuu kununua pampu.

Zana imenyanyuliwa, injini inakwenda, nayo hutikisa kichwa: hushuka kidogo, hupanda, hushuka tena. Huu ni ugonjwa ule ule wa mvujo. Oili inapotea, zana inashuka, vali inafungua, pampu inajaza. Kadiri inavyotikisa upesi ndivyo mvujo ulivyo mkubwa. Tazama pia ile springi ya nyuma yenye mchezo, kwani nayo yaweza kuleta jambo hili.

Zana haishuki. Angalia wenzo wa kupunguza mwendo wa kushuka, kwa trekta zilizo nao. Huenda umewekwa polepole mno. Kama sivyo, vali ya kuongoza imeganda au kiungo kimekwama. Hii ndiyo hali ya hatari kuliko zote, maana mtu hushawishika kwenda nyuma kuikanyaga zana ili ishuke. Usifanye hivyo. Itegemeze kwanza.

MAJI NDANI YA OILI

Twapenda kukaa kidogo juu ya jambo hili, kwa kuwa visiwa vyetu ni vya mvua nyingi na hewa ya bahari.

Juu ya giaboksi, pale wenzo wa gia unapoingilia, pana kifuniko cha mpira. Mpira huu hupasuka kwa jua na uzee. Trekta ikilala nje masika nzima, maji huteremka na wenzo wa gia mpaka tumboni, tone baada ya tone, bila mtu kujua. Njia nyingine ni hewa yenye unyevu, ambayo ndani ya tumbo hugeuka matone usiku chuma kinapopoa. Njia ya tatu ni kuizamisha trekta katika bonde la mpunga hali mipira ya ekseli imelika.

Maji haya hufanya ubaya wa namna mbili. Hupunguza uteleziaji wa oili, na chuma kikasagana. Tena huleta kutu kwenye vali ya kuongoza, ambayo imesuguliwa laini mno na haitaki hata doa. Mkulima wa karafuu hahitaji kufundishwa ubaya wa unyevu. Karafuu mbichi zikiachwa rundo huchemka na kuwa mpeta, na mpeta hazirudi kuwa karafuu njema. Vali iliyoliwa na kutu nayo hairudi.

Namna ya kupima: iache trekta isimame usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, legeza kizibo cha chini polepole, ukinge kikombe kimoja cha kwanza katika chupa nyeupe. Maji ni mazito kuliko oili, basi yakiwapo yatatoka mbele au yatakaa chini ya chupa. Lakini oili iliyokwisha kuchanganyika na maji ikawa kama maziwa haitengani upesi. Hiyo haina dawa ila kumwagwa yote.

Unapoimwaga, fanya hivyo ikiwa na joto la kazi, ili uchafu utoke pamoja nayo. Trekta hizi zina kizibo zaidi ya kimoja chini. Ukifungua kimoja tu utabakisha sehemu. Safisha chujio kama kitabu kielezavyo, usitumie pamba wala kitambaa chenye nyuzi. Tia oili ile tu iliyotajwa kwa giaboksi na haidroliki ya trekta yako. Oili ya injini iliyokwisha kutumika si oili, ni takataka. Nyanyua na kushusha mikono mara kadhaa, kisha pima upya. Kama oili ya kwanza ilikuwa maziwa matupu, huenda ukalazimika kuibadilisha tena baada ya siku chache za kazi, maana maji mengine hujificha pembeni. Na kabla ya yote, badilisha ule mpira wa wenzo wa gia. Kumwaga oili na kuacha mpira umepasuka ni kuteka maji kwa pakacha. Wala usiimwage oili ya zamani shambani au mtoni. Ihifadhi katika pipa uipeleke inakopokewa.

FUNDI AITWE LINI, NA AAMBIWE NINI

Hatusemi kwamba fundi asiitwe. Kufungua mnyanyuo ni kazi ya mtu aliyejifunza. Kifuniko chake ni kizito, shafti ya PTO lazima ivutwe, na mara nyingine trekta hutenganishwa vipande viwili. Twasema tu kwamba mwenye trekta asimpokee fundi kwa maneno "pampu imekufa". Mwambie ulichokiona: oili ina rangi gani, inanyanyua mikono mitupu au la, vali ya usalama inalia au hailii, inashuka kwa muda gani, asubuhi ikoje na adhuhuri ikoje, na nani aliifungua mara ya mwisho.

Kisha mwombe mambo matatu. Kwanza, apime msukumo wa pampu kwa geji kabla ya kuihukumu, na alinganishe na kipimo cha kitabu. Geji haina upendeleo. Msukumo ukifika kipimo, pampu haina kosa, wala hapana haja ya kuinunua. Ukiwa chini, bado aulize kama unapotea kwenye vali ya usalama au kwenye pete. Pili, kifuniko kikishafunguliwa, abadilishe pete zote za mpira kwa pamoja, hata zile zinazoonekana nzima, kwani gharama kubwa ni ya kufungua, si ya pete. Tatu, akuonyeshe kitu kilichoharibika kabla ya kutia kipya, na cha zamani akuachie.

Hapana haja ya kuona haya kuomba hivyo. Fundi wa kweli hufurahi kuulizwa.

KINGA

Trekta ijengewe banda, japo la makuti. Oili ipimwe kila wiki wakati wa kazi. Mnyanyuo usiachwe miezi mingi bila kutumika. Washa injini mara kwa mara, upandishe na kushusha mikono, ili vali ya kuongoza isigande. Zana ishushwe chini kila trekta inaposimama. Mzigo usizidi. Na kila trekta iwe na daftari lake, hata la kurasa chache, la kuandikia siku oili ilipobadilishwa na kitu kilichotengenezwa. Trekta inayokodishwa kwa watu wengi yahitaji daftari hilo zaidi, maana chungu cha wengi kila mmoja hudhani mwenzake amekikoroga.

MASWALI YA KUJIPIMA

Maswali haya yafaa kuulizana katika mkutano wa tawi. Majibu yamo katika somo.

1. Kwa nini oili isipimwe mikono ikiwa juu?
2. Wenzo umeinuliwa, mikono haipandi, na vali ya usalama inalia. Je, pampu inasukuma?
3. Zana hushuka injini ikiwa imezimwa. Taja mahali pane pa kutazamwa.
4. Oili imekuwa kama maziwa. Maji yameingilia wapi, na ni kitu gani kibadilishwe kabla ya kutia oili mpya?
5. Mtu amepenywa na oili kidoleni, na jeraha ni kama la mwiba. Afanye nini?
6. Fundi asema pampu imekufa, lakini hajatumia geji. Utamwambia nini?

Mwanachama awezaye kuyajibu haya sita amekwisha kulinda fedha zake, na pengine mguu wa kijana wake. Twashauri ukurasa huu ukatwe, uwekwe pamoja na kitabu cha trekta, na usomwe kwa sauti kwa dereva. Mwenye swali alifikishe kwa katibu wa tawi lake.